Moyo wa Papa, Dagaa wa Mama na Podo la Babu

Safu ya maswali ya wasomaji. Anajibu nesi mstaafu, Mikindani.

Barua tatu za mwezi huu zimenikuta na birika mapajani, nakwangua ukoko. Maji ya kisima changu yana chokaa kweli kweli. Ukipitisha mwezi bila kukwangua, chini ya birika panaota ganda jeupe mpaka chai inachelewa kuchemka. Chokaa ile ni kalsiamu ndani yake. Nimezisoma barua zote tatu nikacheka peke yangu barazani. Mmoja kaandika habari za papa, mwingine dagaa, wa tatu mishale ya kuwindia, na wote wameniuliza kitu kilekile nilichokuwa nakikwangua.

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Mimi ni mvuvi wa Msangamkuu. Wiki iliyopita tulimpasua papa ufukweni, moyo wake nikautumbukiza kwenye ndoo yenye maji ya bahari, nikaendelea kukata. Nimemaliza, nimenawa, nimekunywa chai na chapati, narudi kwenye ndoo, moyo bado unadunda! Kichwa kimeshakatwa, damu imeshamwagika. Wenzangu wakasema papa ana roho saba, na mzee mmoja akataka urudishwe baharini tusije tukapata nuksi. Nauliza, nani alikuwa anaupiga?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekuwa anaupiga. Ulikuwa unajipiga wenyewe.

Wengi hudhani ubongo ndio unaouamrisha moyo kila pigo, kama nahodha anavyowahesabia wapiga makasia. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nilipoingia chuo cha uuguzi. Ubongo una mishipa ya fahamu ya aina mbili inayofika kwenye moyo, ya kuharakisha na ya kupunguza mwendo, basi. Pigo lenyewe huzaliwa ndani ya moyo. Kwa binadamu linaanzia kwenye kipande kidogo cha nyama kilichoko juu upande wa kulia, pale mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi unapoingilia. Kipande hicho walikitangaza Waingereza wawili, Arthur Keith na Martin Flack, mwaka 1907. Flack alikuwa bado mwanafunzi. Mwalimu wake, huyo Keith, alikuwa ametoka matembezi na mkewe, na aliporudi nyumbani akamkuta kijana ana furaha isiyo kifani: alikuwa anakata moyo wa fuko vipande vyembamba na kuvitazama kwenye darubini, akakuta nyama ya ajabu ambayo hakuna aliyeieleza. Fuko, mnyama wa kuchimba mashimo! Nawaambia wajukuu zangu, usidharau unachokiona kwenye takataka za mwingine, na wewe na ndoo yako nawaweka kundi hilohilo.

Sasa, kipande hicho kinapigaje? Kila seli ya moyo imezungukwa na utando mwembamba, na chumvi za ndani si sawa na za nje. Nje kuna sodiamu na kalsiamu nyingi, ndani kuna potasiamu nyingi. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta umeme. Seli ya kawaida ya msuli wa moyo ikiwa imetulia, ndani yake iko milivolti 90 hivi chini ya nje. Betri moja ya tochi ni milivolti 1,500, kwa hiyo usitegemee kuwashia taa. Wala usiufikirie umeme huu kama ule wa gesi ya Mnazi Bay unaotufikia kwa nguzo na nyaya. Hapa waya hakuna. Kinachosafiri ni chumvi yenyewe, inavuka utando kwa kupita kwenye vilango vinavyofunguka na kufunga, na seli moja ikiamka inamwamsha jirani yake, jirani anamwamsha mwenzake, kama habari ya msiba inavyopita ua kwa ua kabla hata mwadhini hajatangaza.

Seli nyingi za moyo zikitulia hutulia mpaka ziamshwe. Za kile kipande haziwezi. Zina kilango kinachovujisha sodiamu kuingia polepole. Chaji inapanda, inapanda, ikifika kiwango chake vilango vya kalsiamu vinafunguka kwa pamoja, na hapo pigo limetoka. Kisha potasiamu inatoka nje, chaji inashuka, na uvujaji unaanza upya. Kwa mtu mzima aliyejikalia kitako ni mara 60 hadi 100 kwa dakika. Papa wako naye ana seli zake za namna hiyo, na zenyewe hazikuwa na habari kwamba kichwa kimeshakwenda.

Ila nakusifu kwa jambo moja ambalo hukulijua: ulitumia maji ya bahari. Ungechota maji ya bomba, yangejipenyeza ndani ya seli, zikavimba, na moyo ungenyamaza kabla chai yako haijapoa. Kwenye lita moja ya maji ya bahari mna chumvi ya kawaida tele, potasiamu kidogo, na kalsiamu kama miligramu 400. Papa amejitengeneza aendane na bahari. Damu yake ina urea nyingi ili ule ukali wa nje usimkaushe. Wewe urea hiyo unaijua kwa pua, maana papa akilala bila kutiwa chumvi ananuka mkojo. Inaoza inageuka amonia. Ndiyo hiyo.

Mchezo wako wa ndoo ulimpa jina daktari wa London aitwaye Sydney Ringer. Mwaka 1882 alikuwa anauogesha moyo wa chura katika maji yenye chumvi, nao ukapiga vizuri tu, akaandika kwamba chumvi inatosha. Kumbe maji yaliyotumika hayakuwa yale yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke, yalikuwa ya bomba. Alipotumia maji safi kabisa, moyo ukalegea ukasimama. Ikabidi aulize bomba lina nini. Lina chokaa! Mwaka 1883 akaandika upya, akakiri makosa yake mbele ya watu wote, akaeleza kuwa moyo hauwezi kukaza bila kalsiamu. Nimefanya kazi na madaktari wengi, na waliokubali kukiri namna ile nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ukiingia wodini ukaona mfuko wa dripu umeandikwa Ringer Lactate, ndiye huyo. Ndani yake mna sodiamu, potasiamu na kalsiamu, karibu na zilivyo kwenye damu.

Nuksi hakuna. Moyo ungenyamaza wenyewe chakula na hewa vilivyobaki ndani ya seli vikiisha. Mwambie mzee ale mchuzi.

SWALI: Shikamoo bibi. Mama yetu ana miaka 67, tunaishi naye Mtwara mjini. Ana presha, kliniki wamemwanzishia amlodipini. Kaka yangu amesoma kwenye ile karatasi ya dawa kwamba ni dawa ya kuzuia kalsiamu. Tangu siku hiyo amepiga marufuku dagaa, maziwa, hata mchicha, kwamba vina kalsiamu na vitaua nguvu ya dawa. Mama anakula ugali kwa mlenda wiki ya tatu sasa, jana amelia mezani. Tena vifundo vya miguu vimeanza kuvimba jioni. Kaka yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mpe mama yako dagaa leo leo, kabla hujamaliza kusoma. Nitakueleza na masharti yake huko mbele, lakini kwanza nimtoe kaka yako njiani, maana kakosea kwa nia njema, na mtu wa nia njema ndiye mgumu kuliko wote kumgeuza.

Kaka yako mtu wa Mtwara, msimu wa korosho anaujua. Korosho zinalala ghalani, gunia juu ya gunia. Mtu anakuja na stakabadhi mkononi, kijikaratasi tu, mlinzi anafungua, na mzigo wa tani kadhaa unatoka. Karatasi haina uzito wowote ila bila karatasi ghala halifunguki. Basi ndivyo ilivyo ndani ya seli ya msuli wa moyo. Kila seli ina ghala lake la ndani lililojaa kalsiamu. Umeme ukifika, sodiamu inaingia kwa kishindo na chaji inaruka kutoka milivolti 90 chini ya sifuri hadi 20 au 30 juu yake. Hapo vilango vya kalsiamu vya ukutani vinafunguka, inaingia kalsiamu kidogo kutoka nje. Hiyo ndiyo stakabadhi. Ikigusa mlango wa ghala, ghala linamwaga yake iliyo nyingi zaidi, na kalsiamu inayoelea ndani ya seli inapanda kama mara 10. Inazishika nyuzi za msuli, nyuzi zinavutana, moyo umekaza.

Kwenye mshipa wa fahamu, umeme wa namna hii unapita na kwisha kwa elfu moja au mbili tu za sekunde. Kwenye msuli wa moyo unakaa kama robo sekunde, na kinachoushikilia ni ile kalsiamu inayoingia taratibu. Muda huo seli haisikii amri nyingine yoyote. Ndiyo maana kigimbi cha mguu kinaweza kukakamaa usiku ukaruka kitandani, lakini moyo haukakamai namna hiyo.

Watu husifu moyo kwa kukaza. Mimi, baada ya miaka yote niliyokaa na wagonjwa, nausifu kwa kulegea. Kalsiamu ikishafanya kazi lazima iondolewe yote, upesi, moyo upate kufunguka na kujaa damu, na hiyo si kazi ya bure: kuna makuli wanaoibeba kuirudisha ghalani na kila safari inakula nishati. Iliyobaki inatolewa nje kwa kubadilishana, kama kete za bao: sodiamu tatu ziingie, kalsiamu moja itoke. Makuli wale wana msimamizi anayewapunguza kasi. Ukishtuka, ukamwona nyoka, homoni ya mshtuko inamfanya msimamizi alegeze mkono, makuli wanakimbia, moyo unakaza kwa nguvu na kulegea haraka pia. Haya yote kwa mtu wa kawaida yanafanyika kama mara 100,000 kwa siku. Kalsiamu inayoelea ndani ya seli iliyotulia ni chache mno, ya nje inaizidi kama mara 10,000. Hiyo tofauti ndiyo inayolindwa usiku na mchana.

Kwa hiyo kalsiamu si adui wa moyo wa mama yako. Niliwahi kuiona ikimrudisha mtu.

Ilikuwa zamu ya usiku, miaka ya nyuma, hospitali sitaitaja. Kulikuwa na baba mmoja, figo zimegoma, potasiamu imepanda kwenye damu. Tukamfunga zile nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, karatasi ikatoka na mawimbi marefu yenye ncha, moja baada ya jingine, kama matanga ya ngalawa zimepanga foleni. Daktari akayatazama akasema, "Nesi, kalsiamu glukoneti, mililita 10, polepole." Mimi nilikuwa nimetoka kumpa sodiamu bikaboneti kwenye mpira wa dripu uleule, sikuusafisha kwa maji ya chumvi kwanza. Nikaingiza sindano, nikasukuma kidogo tu, na mbele ya macho yangu mpira wa dripu ukageuka mweupe. Mweupe kama tui. Nilikuwa nimetengeneza chokaa ndani ya mpira, ileile ya kwenye birika, sentimita chache kutoka kwenye mshipa wa mtu. Nikabana mpira palepale. Daktari hakunifokea, aling'oa tu na kusema, "Mkono wa pili." Tukafungua njia mpya, nikasukuma kalsiamu huku macho yako kwenye saa ya ukutani, dakika tano nzima, jasho linanidondoka. Matanga yakaanza kushuka. Potasiamu ilikuwa palepale ilipokuwa, haikupungua hata chembe. Kalsiamu ilituliza kuta za seli tu, ikatupa nusu saa ya kumpa insulini na glukosi za kuisukuma potasiamu ndani ya seli. Asubuhi yule baba aliomba uji. Mimi mpaka leo nikiona tui jeupe kwenye kikombe naukumbuka ule mpira.

Turudi kwa amlodipini. Kuziita dawa hizi wapinzani wa kalsiamu kulianza Ujerumani, kwa mtaalamu wa Freiburg aitwaye Albrecht Fleckenstein. Miaka ya 1960 aliona kwamba moyo uliopewa verapamili, dawa ya kundi hilo, unafanya kama uliopunguziwa kalsiamu, hali kalsiamu ipo. Dawa haigusi madini yenyewe. Inakaa kwenye kilango, inakibana kisifunguke sana. Verapamili hubana zaidi vilango vya moyo, kwa hiyo hutumika pale mapigo yanapokimbia. Amlodipini hubana zaidi vya kwenye misuli ya kuta za mishipa ya damu. Msuli ukipata kalsiamu kidogo unalegea, mshipa unatanuka, presha inashuka. Kaka yako ameelewa kwamba mlinzi amewekwa mlangoni, akaamua kuchoma shamba.

Na hata akichoma, haoni tofauti. Mwili wa mtu mzima una kalsiamu kama kilo nzima, asilimia 99 yake iko kwenye mifupa na meno. Iliyo kwenye damu inashikiliwa ndani ya kipimo chembamba sana na tezi nne ndogo zilizoko shingoni. Ukila dagaa sinia zima, damu haibadiliki kiasi cha kuishinda dawa. Usipokula kabisa, tezi zinaamuru mifupa itoe. Mwanamke wa miaka 67 tayari mifupa yake imepungua tangu alipofunga hedhi. Mnamnyima dagaa ili kulinda moyo, mnamtafutia kuvunjika nyonga siku atakayoteleza uani.

Sasa yale masharti. Dagaa wetu wengi wa pwani wanakaushwa kwa chumvi, na ng'onda ndiyo usiseme. Chumvi ndiyo inayopandisha presha. Wanunuliwe dagaa wabichi, au wakavu waloweshwe, maji yamwagwe, waloweshwe tena, na mpishi asiongeze chumvi nyingine. Kile kijiko cha chumvi kinachozunguka mezani kiondoke. Hapo kaka yako nampa kazi: awe mlinzi wa chumvi. Ataifanya vizuri, nishamwona mtu wa aina yake.

Vifundo vya miguu: amlodipini inajulikana kwa hilo. Mishipa midogo inayopeleka damu inatanuka, maji yanachuruzika nje ya mishipa, na jioni yanajikusanya chini. Mara nyingi si hatari, ila miguu huvimba pia kwa figo na kwa moyo wenyewe kuchoka, kwa hiyo usinisikilize mimi wa gazetini, mpeleke kliniki wampime. Huenda watapunguza kipimo au kubadilisha dawa. Asiiache kwa kuamua mwenyewe. Na akibanwa na pumzi akilala chali, au miguu ikavimba hadi magotini, usingoje siku ya kliniki.

SWALI: Bibi Nesi, nakuandikia kutoka Liwale. Babu yangu alikuwa mwindaji enzi zake, amefariki na kuacha podo darini lenye mishale ambayo ncha zake zimepakwa kitu cheusi. Wazee wanasema sumu hiyo ilikuwa inamsimamisha nyati moyo. Sasa mjomba wangu, dereva, anasema hospitali wanawapa wagonjwa wa moyo dawa ya jamii hiyohiyo. Mjomba ana mizaha. Ni kweli?

JIBU: Mjomba safari hii hana mzaha.

Sumu nyingi za mshale za upande wetu wa Afrika zilitoka kwenye mimea inayougusa moyo, na mmoja ulio maarufu ni kombe, mmea wa kutambaa wenye maua ambayo kila petali ina mkia mrefu unaoning'inia. Wataalamu wa mimea wamelichukua jina la kwetu wakalibandika la kwao, wanauita Strophanthus kombe. Habari zake zilifika Ulaya kwa njia ya mswaki. Daktari John Kirk alikuwa kwenye msafara wa Livingstone wa Zambezi, uleule uliopanda mto Ruvuma mwaka 1862, na baadaye akawa balozi wa Uingereza pale Unguja. Alikuwa amechukua sumu ya mishale kuichunguza, ikakaa pamoja na mswaki wake. Siku moja anapiga mswaki, akasikia uchungu mdomoni. Akajipima mapigo, yameshuka. Mwingine angetema na kulaani. Yeye akaandika. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichambua sumu hiyo, na miaka ya 1880 ikaanza kutumika kama dawa ya moyo.

Ulaya nao walikuwa na mmea wao. William Withering, daktari wa Uingereza, aliandika mwaka 1785 kuhusu jani la mmea uitwao dijitali (kwa Kilatini Digitalis, si ile dijitali ya simu) kwa wagonjwa waliojaa maji mwilini. Digoksini tunayoitoa leo hospitali ni ya ukoo huo. Kombe na dijitali hawajawahi kuonana, ila wanafanya kazi moja.

Kazi gani? Nimeeleza hapo juu kwamba nje ya seli kuna sodiamu nyingi na ndani potasiamu nyingi. Haibaki hivyo kwa bahati. Kwenye utando kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, bila kupumzika maisha yako yote. Aliyeigundua ni Mdenmaki, Jens Skou, mwaka 1957, na aliipata kwenye mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Tuzo ya Nobel wakampa mwaka 1997, miaka 40 baadaye! Huku kwetu mikokoni kaa wamejaa, nasi tunawatia nazi tu.

Sumu ya babu yako, kama ni ya kombe, inaishika pampu hiyo. Pampu ikilegea, sodiamu inabaki ndani. Ukumbuke zile kete za bao: kalsiamu inatoka kwa sababu sodiamu inakimbilia kuingia. Sodiamu ikishajaa ndani, mchezo unadorora, kalsiamu inabaki, ghala linafurika. Kidogo tu, na moyo uliochoka unakaza kwa nguvu zaidi. Hiyo ni dawa. Ikizidi, ghala linaanza kumwaga bila stakabadhi, kalsiamu inatoka wakati si wake, inazusha umeme wake yenyewe, na mapigo yanavurugika hadi moyo unatetemeka bila kusukuma kitu. Huyo ndiye nyati aliyeanguka.

Nafasi kati ya dawa na sumu ni nyembamba mno. Mgonjwa akiwa kwenye digoksini huku anapewa na furosemidi ya kukojoza, potasiamu yake inapungua, na potasiamu ikipungua digoksini inashika zaidi. Niliwahi kuwa na mzee mmoja, fundi mashua, aliyeanza kukataa chakula na kulalamika kwamba shuka zetu hospitali ni za njano. Tulidhani anadeka. Shuka zilikuwa nyeupe. Nilimshika mkono nikahesabu mapigo, 42 kwa dakika, nikaenda mbio kumwita daktari. Kichefuchefu, kuona njano na mapigo ya chini kwa mtu anayemeza digoksini, usiite udekaji. Na ukisikia mtu anakuuzia mizizi ya kuongeza nguvu za moyo, muulize mjomba wako mwenye mizaha kabla hujamuuliza muuzaji.

Kuhusu hilo podo. Sumu za ukoo huu huvumilia miaka mingi zikiwa kavu, kwa hiyo usijidanganye kwamba babu amekwenda nayo. Usiikwangue wala usipige msasa kuona ndani kuna nini, vumbi linaingia machoni na kwenye michubuko. Usiichome jikoni. Vaa glavu, au mifuko miwili ya plastiki kila mkono, viringisha ncha kwa kitambaa kinene, funga, weka mahali watoto na mbuzi hawafiki, kisha mwone mwenyekiti wa kijiji na afisa wanyamapori wakuelekeze pa kulipeleka. Mpini na ngozi ya podo kama unataka kumbukumbu ya babu, baki navyo, vya ncha acha. Ukimaliza nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na siku hiyo mswaki wako uwe chumba kingine.